Bei ya mashine si kipimo cha hasara ya aliyedanganywa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ukurasa wenu wa biashara kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu mnunuzi wa mashine aliyedanganywa imenishinda kunyamazia. Mliandika kwamba mnunuzi huyo amefidiwa kikamilifu, kwa kuwa mahakama iliamuru alipwe tofauti kati ya bei aliyotoa na thamani halisi ya mashine. Hakufidiwa kikamilifu. Alirudishiwa sehemu ya fedha zake mwenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu yamenipata. Nilinunua jenereta iliyotumika kwa ajili ya karakana yangu, na muuzaji akanihakikishia kwa maandishi kwamba ilikuwa imefanya kazi saa 4,000 tu, kama mita yake ilivyoonyesha. Mwezi wa tatu ikaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, na fundi alipoifungua injini akakuta silinda zimelika kuliko saa 4,000 zinavyoweza kulika. Mmiliki wa awali alipotupatia kitabu cha matengenezo, tukaona matengenezo ya mwisho yameandikwa kwenye saa 17,000. Mita ilikuwa imebadilishwa. Karakana ilisimama wiki kadhaa. Wafanyakazi niliendelea kuwalipa kwa sababu wana familia, kisha nikakodi jenereta nyingine, nikanunua vipuri vilivyoharibika tena, nikachelewesha kazi za watu walioniamini, na mteja wangu mkubwa kuliko wote akaondoka na hajarudi hadi leo. Tulipofika kwenye madai ya fidia, wakili wa muuzaji aliuliza jambo moja tu: jenereta hiyo, ikiuzwa leo, italeta kiasi gani? Mimi sikuinunua ili niiuze, niliinunua ili ifanye kazi.

Tuchukue mfano wa namba nyepesi. Mnunuzi amelipa 100 kwa mashine ambayo, kama maelezo yangekuwa ya kweli, ingekuwa na thamani ya 120, kumbe thamani yake ni 40. Kipimo kimoja kinampa 60, yaani kilichomtoka mfukoni. Kingine kinampa 80, yaani faida ya mapatano aliyoahidiwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishika kipimo cha kwanza katika kesi ya hisa za mgodi, Smith v. Bolles, mwaka 1889. Wanasheria wanaweza kubishana juu ya namba hizo mbili siku nzima, na zote mbili zinahesabu chuma peke yake.

Uingereza swali hili lilijibiwa zamani. Katika kesi ya Doyle v. Olby ya mwaka 1969, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba mdanganyifu hulipa hasara yote iliyotokana moja kwa moja na udanganyifu wake, hata ile ambayo hakuweza kuitarajia. Katika East v. Maurer, iliyoripotiwa mwaka 1991, aliyeuziwa saluni kwa maelezo ya uongo alilipwa pia kwa faida ambayo angeipata kama fedha zake angeziweka katika biashara nyingine ya aina hiyo. Nakubali kwamba mnunuzi akishaugundua uongo ana wajibu wa kupunguza hasara, na kwamba asiyetunza ankara na daftari la siku mashine iliposimama hana cha kumwonyesha hakimu. Lakini mwenye ushahidi huo asiambiwe kwamba siku hizo hazihesabiki.

Nikiwa bado hapo, niwataje wathamini. Aliyeletwa katika shauri langu aliandika ripoti nzima kwa kutumia karatasi za muuzaji na picha nne, bila kuiwasha injini, na saa zilezile 4,000 za uongo akaziweka katika hesabu yake kana kwamba amezihakiki. Kisha nikaulizwa mimi kwa nini sikukagua vizuri, na kwa nini nilitia saini kwamba mashine inauzwa kama ilivyo! Tangu Redgrave v. Hurd ya mwaka 1881, kutokagua hakumkingi aliyedanganya, na tangu Pearson v. Dublin Corporation ya mwaka 1907 inajulikana kwamba mtu hawezi kujificha kutokana na udanganyifu wake mwenyewe nyuma ya kifungu cha mkataba. Aliyebadilisha mita alijua anachoficha. Mimi ningekijuaje?

Napendekeza kila mashine iliyotumika iuzwe pamoja na karatasi moja yenye namba ya injini, picha ya mita iliyopigwa siku ya mauzo, na saa za kila matengenezo, muuzaji akitia saini kwamba hayo ni maneno yake. Nanyi, Mhariri, mnaporipoti kesi ya namna hii, andikeni kando ya kiasi kilichotolewa na mahakama idadi ya siku ambazo mashine ilisimama. Katika kesi yangu zilikuwa siku 77, na hakuna hata moja iliyolipwa.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mwenye karakana