Spika Haijafa: Namna ya Kuipa Kila Arifa Mlio Wake

Mwezi uliopita mama mmoja anayefanya uwakala wa fedha karibu na soko la Ngamiani, hapa Tanga, alituletea simu yake akiomba tumbadilishie spika. Alieleza kwamba kwa wiki mbili mfululizo wateja walikuwa wakimtumia pesa naye hasikii chochote, hata ikambidi kila baada ya dakika chache aiinue simu na kuiangalia, jambo lililomchosha na kumletea maneno na watu waliodhani anawachelewesha kwa makusudi. Tulipocheza wimbo kwenye simu hiyo, sauti ilitoka safi mpaka fundi wa meza ya pili akageuka. Spika ilikuwa nzima. Tulipofungua orodha ya arifa ndipo tulipoona chanzo: kundi la kamati ya harusi ya mpwa wake, kundi la kikoba, kundi la wazazi wa darasa la tatu na makundi mengine saba, yote yakilia kwa mlio uleule uliokuja na simu. Naye alipozidiwa na kelele, alishusha sauti ya arifa hadi mwisho, akawa amenyamazisha kwa mpigo mmoja harusi, kikoba na ujumbe wa pesa.

Simu za namna hii zinatufikia karibu kila siku, na kwa kuwa nyingi hazihitaji bisibisi hata kidogo, tumeona ni haki mteja ajue anachoweza kukifanya mwenyewe kabla hajafunga safari ya kuja kwa fundi.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba simu ya Android haina sauti moja. Ina sauti ya muziki na video, ya simu inayopigwa, ya arifa, ya kengele ya kuamsha, na ya maongezi yenyewe, na kila moja hupandishwa na kushushwa peke yake. Tangu toleo la 9 la Android, lililotoka mwaka 2018, kitufe cha pembeni katika simu nyingi hubadilisha sauti ya muziki na video tu, isipokuwa pale simu inapokuwa inaita au uko katikati ya maongezi. Kwa hiyo mtu hubonyeza kitufe hadi juu, akaona mstari umejaa, akaamini simu yake sasa italia, kumbe sauti ya arifa imebaki chini palepale ilipokuwa. Ili kuifikia, bonyeza kitufe hicho mara moja, kisha gusa alama ndogo inayojitokeza pamoja na mstari wa sauti. Mistari mingine itafunguka. Katika simu nyingine mlio wa simu na mlio wa arifa vimefungwa pamoja, na ukishusha kimoja, cha pili nacho kinashuka.

Basi kabla ya kulipia spika, cheza wimbo. Ukisikika vizuri, spika hiyo haina ugonjwa, na fundi anayekuambia vinginevyo akueleze kwa nini. Tunalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu tumewahi kupokea simu iliyokwisha kubadilishiwa spika mara mbili mahali pengine, wakati tatizo lilikuwa redio ya Bluetooth iliyoachwa sebuleni ikiwa imewashwa, na milio yote ikawa inaelekea huko. Wimbo ukisikika kwa kukwaruza au kwa mbali, hapo anza na vumbi: chukua mswaki mkavu wenye nywele laini, pitisha taratibu kwenye matundu ya chini ya simu, wala usichomeke sindano, kwa kuwa nyuma ya matundu hayo kuna utando mwembamba unaotoboka kirahisi.

Kuhusu kelele yenyewe, tumejifunza kutokana na wateja wetu kwamba kinachowachosha si wingi wa milio peke yake, bali ni kufanana kwake. Sikio la mtu lina uwezo mkubwa wa kuchagua. Mama hulala katikati ya muziki wa jirani, lakini mtoto wake akikohoa mara moja huamka. Hata hivyo sikio haliwezi kuchagua iwapo kila kitu kinaita kwa sauti moja, na mtu anayesikia mlio uleule kwa kichekesho cha kundi, kwa tangazo la duka, na kwa taarifa kwamba mgonjwa wake amehamishwa wodi, ana njia mbili tu: ama arukie simu kila inapolia, ama aache kuisikiliza kabisa. Ndiyo maana dukani kwetu hatumshauri mteja azime milio yote. Tunamshauri anyamazishe ile isiyo na haraka, na ile michache inayobaki kila mmoja uwe na sauti yake, ili ajue nani anamwita bila hata kuigusa simu.

Uwezo huo umo ndani ya simu tayari, na umekuwamo kwa miaka. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, programu zilizotengenezwa kufuata utaratibu huo hugawa arifa zake kwa aina, na kila aina unaweza kuiwekea mlio, kuiacha itetemeke tu, au kuinyamazisha. Facebook na Instagram, kwa mfano, huleta arifa za ujumbe, za maoni, za watu waliopenda picha yako na za video mubashara, na si lazima zote zilie kwa sababu tu unataka ujumbe ulie. Njia ya haraka ni kusubiri arifa inayokuudhi ije, kisha kuibonyeza na kuishikilia pale ilipo. Simu itakuonyesha ni ya aina gani na kukupa nafasi ya kuifanya iwe ya kimya. Ukifanya hivyo kila inapokuja arifa isiyokuhusu, kwa siku tatu au nne utakuwa umesafisha sehemu kubwa, bila kukaa chini kupekua mipangilio yote. Aidha, kuanzia Android 13 ya mwaka 2022, programu mpya huomba ruhusa kabla ya kuanza kukutumia arifa. Programu ya tochi au ya mchezo ikiomba ruhusa hiyo, una haki ya kukataa, nayo itaendelea kufanya kazi.

WhatsApp inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa kwa wateja wetu wengi ndiyo soko, ndiyo baraza, na ndiyo sanduku la barua. Kundi moja la WhatsApp linaweza kubeba hadi watu 1,024, na katika ukoo mkubwa au kamati ya harusi haihitajiki hata robo ya idadi hiyo ili simu isipumue. Fungua mipangilio ya arifa ndani ya WhatsApp yenyewe, utakuta mlio wa ujumbe wa mtu mmoja mmoja umewekwa mbali na mlio wa makundi. Badilisha huo wa makundi uwe mfupi na wa chini, au uondoe kabisa. Hatua hiyo moja imewapa nafuu wateja wengi kuliko ushauri mwingine wowote tunaoutoa. Hapohapo kuna arifa za hisia, zile zinazokuja mtu akiweka kidole gumba au moyo juu ya ujumbe wako. Zizime, kwa kuwa wakati wa pongezi au pole huweza kufika nyingi kwa dakika chache.

Baada ya hapo wapo watu ambao hutaki kuwakosa. Fungua mazungumzo na mtu huyo, gusa jina lake juu, ingia kwenye arifa, umchagulie mlio wake. Mama, mwalimu wa mtoto, dereva anayekuletea mzigo: watatu au wanne wanatosha. Ukiwapa milio maalumu watu ishirini, utajikuta umerudi ulipoanzia, kwa sababu hakuna anayekariri milio ishirini. Chagua milio mifupi isiyozidi sekunde mbili, na uihifadhi kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe, maana mlio uliowekwa kwenye kadi ya kumbukumbu hupotea kadi ikitolewa, na simu hurudi kwenye mlio wake wa asili bila kukuaga.

Kundi likikulemea, linyamazishe kwa saa 8, kwa wiki moja, au daima. Wengi hukimbilia daima, nasi tunaomba wafikiri kwanza. Kundi la msiba huwa na ujumbe mwingi siku ya kwanza, wa pole na wa michango, lakini humohumo ndimo inamotangazwa saa ya mazishi au mabadiliko ya safari. Saa 8 zinakutosha kulala, na ukiamka litakuwa tayari kukuita tena. Inafaa pia kujua kwamba mtu akikutaja kwa jina katika kundi ulilolinyamazisha, arifa hiyo hukufikia. Ukiwaeleza ndugu kuhusu hilo, wakakutaja pale tu wanapokuhitaji, mtakuwa mmepatana vizuri.

Tukirudi kwa yule mama wakala, kazi iliyobaki ilikuwa kutenganisha ujumbe mfupi wa pesa na mwingine wote. Ujumbe wa M-Pesa na wa huduma nyingine za namna hiyo huja kwa jina la huduma, si kwa namba ya kawaida ya simu. Katika programu ya ujumbe mfupi aliyokuwa nayo, tulifungua mazungumzo hayo, tukaingia kwenye maelezo yake, kisha kwenye arifa, tukachagua mlio wa kengele kali. Tukapandisha sauti ya arifa hadi juu, na makundi yote kumi tukayaacha kimya. Tulimtumia shilingi 1,000 kwa majaribio, simu ikalia, naye akacheka. Lakini tulimwambia jambo moja ambalo kila mfanyabiashara alisikie: mlio si risiti. Matapeli hutuma ujumbe unaofanana sana na ule wa pesa, mara nyingi kutoka namba za kawaida, na ingawa ujumbe wa namba ya kawaida hautalia kwa kengele ile, salio ndilo la kuaminiwa kabla bidhaa au fedha haijatoka mkononi.

Wapo wanaotaka simu inyamaze kwa saa maalumu, usiku, darasani, au wakati wa ibada, na kwao sehemu iitwayo Usinisumbue ndiyo dawa. Unapanga muda, unachagua watu wanaoruhusiwa kupita, na kengele ya kuamsha huendelea kulia usipoizuia. Ukiruhusu pia wanaopiga tena, mtu akikupigia mara ya pili ndani ya dakika 15 simu italia, ulinzi mzuri kwa yule anayehofia dharura ya usiku. Hapa ndipo tulipokutana na tatizo ambalo hatujaona likielezwa popote. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alilalamika kwamba simu yake inapiga kelele usiku kucha lakini asubuhi haisikiki. Tulipoikagua, tulikuta ameweka Usinisumbue ianze saa 4:00 na iishe saa 11:00, akiwa na maana ya saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, kama sote tunavyohesabu saa. Simu ikaielewa 4:00 kuwa ni saa kumi alfajiri, na 11:00 kuwa ni saa tano asubuhi. Alichopaswa kuandika ni 22:00 na 05:00. Mzee wetu hakukosea kusoma saa. Simu ndiyo isiyoijua saa ya Kiswahili, kwa hiyo unapopanga muda wowote, ongeza au punguza saa sita kwanza.

Tatizo la mwisho ni kinyume cha yote haya: simu iliyopangwa vizuri, sauti iko juu, lakini ujumbe haulii mpaka ufungue WhatsApp, ndipo unamiminika wote kwa pamoja. Hali hiyo mara nyingi husababishwa na mfumo wa kuokoa betri, ambao husimamisha programu usizozigusa kwa muda, na tumeuona sana kwenye simu za Tecno, Infinix na Xiaomi. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya programu, fungua WhatsApp, kisha betri, uiruhusu ifanye kazi bila vizuizi. Hakikisha pia hukuizuia kutumia data ikiwa chinichini. Betri itaisha mapema kidogo, lakini ujumbe utafika kwa wakati wake.

Kwa wenye iPhone, kama yako ni ya zile zenye swichi ndogo ya pembeni, anza na swichi hiyo, kwani huzimwa na kava la simu au mfuko bila mwenyewe kujua. Tangu toleo la 15 la iOS, yaani mfumo unaoendesha iPhone, lililotoka mwaka 2021, unaweza pia kukusanya arifa zisizo na haraka zije kwa pamoja katika saa unazochagua mwenyewe, utaratibu tunaoupendekeza sana kwa mitandao ya kijamii.

Ukikwama popote, lete simu dukani ikiwa na chaji na bando. Kuipanga huchukua kama robo saa, na hatutozi malipo kwa simu isiyo na kifaa kibovu. Njoo ukiwa umeshaamua ni watu gani watatu au wanne unaotaka kuwasikia, kwa sababu hilo fundi hawezi kukuamulia. Kaa karibu na meza uone kila tunachobonyeza, na namba yako ya siri ya pesa usimtajie fundi yeyote, wetu akiwamo. Kazi hii haiihitaji.