Galaksi ndogo hazikuzimika kwa uzee

Mhariri,

Makala yenu kuhusu galaksi vibete nimeisoma yote, na nimefurahi kuona gazeti la Kiswahili likitoa nafasi kubwa hivyo kwa mambo ya anga. Ila kuna sentensi moja imenikwaza: kwamba galaksi duaradufu vibete, yaani zile ndogo zenye umbo la mviringo au yai, zimeacha kuzaa nyota kwa sababu ni ndogo na zimezeeka. Udogo una sehemu yake, sikatai. Lakini sababu kuu ni mahali zilipo na majirani zilio nao, na hilo mwandishi hakuligusa kabisa.

Kazi yangu hadi kustaafu ilikuwa kupima hali ya hewa hapa Mtwara, kwa hiyo niruhusuni nianze na upepo.

Katika kundinyota la Mashuke, umbali wa miaka ya nuru milioni 54 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), kuna kundi kubwa la galaksi liitwalo Virgo. Mwaka 1985 wanaastronomia Binggeli, Sandage na Tammann walichapisha orodha ya galaksi zaidi ya 2,000 za eneo hilo, kutokana na picha zilizopigwa katika kituo cha darubini cha Las Campanas, Chile. Aina iliyojaa humo kuliko nyingine ni hizi duaradufu vibete. Sasa, nafasi iliyo kati ya galaksi hizo si tupu. Imejaa gesi nyembamba mno, yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Galaksi ndogo ikivutwa kuingia humo, kasi yake inaweza kupita kilomita 1,000 kwa sekunde, na kwake ile gesi hugeuka kuwa upepo mkali. Funga kipimaupepo juu ya gari siku ambayo hata jani halitikisiki, kisha endesha: vikombe vitazunguka. Wanaastronomia Gunn na Gott walilieleza jambo hili mwaka 1972.

Upepo huo hauzisumbui nyota. Unachokumba ni haidrojeni iliyotanda kati yao, ambayo ndiyo malighafi ya nyota mpya. Hapo ndipo udogo unapoponza, kwa kuwa galaksi ndogo ina mvutano hafifu na haiwezi kuing'ang'ania gesi yake. Juu ya hayo, galaksi kubwa zinazopita karibu huitikisa mara kwa mara, hata iliyokuwa bapa yenye mikono (mistari ya nyota iliyojipinda kuzunguka kitovu) ikavimba na kulainika. Mwaka 2000 mwanaastronomia Jerjen na wenzake walichunguza kwa makini picha ya galaksi ya Virgo iitwayo IC 3328, iliyokuwa ikihesabiwa kuwa duaradufu kibete ya kawaida, wakaona ndani yake mikono hafifu ya mzunguko. Umbo la aina hiyo halipatikani katika mpira laini wa nyota kongwe. Na katika Virgo hiyohiyo, vibete vyenye alama za ubapa au vyenye nyota changa katikati havikurundikana kwenye kitovu cha kundi kama vile vya mviringo. Ni dalili kwamba viliingia baadaye.

Kama udogo peke yake ungetosha kuzima galaksi, tungeziona zilizozimika kila upande wa anga. Mwanaastronomia Geha na wenzake walizitafuta, na mwaka 2012 wakatoa matokeo ambayo kwangu yanamaliza ubishi: galaksi za uzito uleule, zikiwa mbali na jirani yeyote mkubwa kwa zaidi ya miaka ya nuru milioni 5 hivi, karibu zote bado zinazaa nyota. Zilizozimika ziko karibu na wakubwa.

Hata waliokaa pamoja hawafanani. Kando ya Andromeda, galaksi kubwa iliyo jirani na yetu, wapo vibete wawili, NGC 147 na NGC 185. NGC 185 bado ina gesi na vumbi. NGC 147 haina gesi, na imeburutwa hadi ikaota mikia mirefu ya nyota. Wote wana jirani mmoja, ila njia walizompitia zinaelekea zilikuwa tofauti. Habari kama hizi ndizo zilizostahili kuwekwa kwenye makala yenu.

Najua msomaji makini atauliza: mbona Mawingu ya Magellan, yaani galaksi mbili ndogo, yako karibu na galaksi yetu kubwa na bado yana gesi tele? Swali zuri. Wingu Kubwa liko miaka ya nuru 160,000 tu kutoka hapa. Lakini vipimo vya darubini ya Hubble vimeonyesha kwamba linakwenda kasi sana, na huenda ndiyo mara yake ya kwanza kutukaribia. Na tayari limeanza kulipa, kwani mawingu hayo mawili yanaburuta nyuma yao mkondo mrefu wa haidrojeni angani. Huku kusini tunayaona kwa macho matupu jioni za Desemba na Januari, mvua ikituachia nafasi. Wanafunzi wa Newala na Masasi, ambako taa ni chache, wana bahati ambayo wenzao wa Ulaya hawana, na inaniuma kuona hakuna anayewaambia watazame juu.

Ombi langu ni kwamba makala ijayo itakapotaja galaksi ndogo, msiishie kwenye umri na ukubwa wake. Andikeni pia iko karibu na nani, na kwa umbali gani.

Mpimaji wa hali ya hewa mstaafu,
Mtwara