Mpwa wangu, hilo jiji zima liache kwanza

Marahaba, mpwa wangu.

Ujumbe wako wa kutaka kutengeneza gemu la jiji zima nimeusoma mpaka mwisho, pamoja na ile michoro ya bodaboda. Nakujibu hadharani kwa sababu swali lako wanalo wengi: mtu anaanzaje kazi ya kubuni magemu, bila chuo cha fani hiyo na kwa laptopu iliyochoka?

Jiji lenye daladala, polisi na majambazi liache kwanza. Stardew Valley, gemu la shamba ambalo Eric Barone alilitengeneza peke yake, lilimchukua zaidi ya miaka minne mpaka kutoka Februari 2016, na lile ni la picha bapa za pikseli. Wewe anza na gemu la skrini moja na kanuni tatu, linalochezwa kwa dakika tano, ulimalize ndani ya wiki nne. Kumaliza maana yake lina menyu, lina sauti, lina kushinda na kushindwa, na mtu analifungua kwenye simu yake bila wewe kusimama pembeni ukimweleza.

Halafu michoro yako, japo mizuri, imekuficha jambo. Mbunifu wa gemu kazi yake ni kanuni na namba. Kuchora ni kazi nyingine. Shule ya kanuni iko barazani kwa babu yako. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa kwenye nyumba, lile shimo lenye kanuni zake, na 22 mkononi. Kwa nini hizo 22 hazipangwi zote tangu mwanzo? Kwa sababu katika namua, awamu ya kwanza, kila zamu inaingiza kete mpya, ubao unabadilika sura, na aliyeelemewa bado ana pumzi. Zikiisha mnaingia mtaji, awamu ya pili, na ukali unaanza. Tena kula ni lazima, na kanuni hiyo moja ndiyo inayompa fundi nafasi ya kukutegea kete uile upende usipende. Sasa chezeni michezo kumi nyumba ikiwa shimo la kawaida tu, kisha kumi mkiwa na kete 12 mkononi badala ya 22. Andika kila mchezo umechukua dakika ngapi, na ni wakati gani anayeshindwa alikata tamaa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na haili bando.

Kwa upande wa kompyuta, mashine yako itaiweza Godot, injini ya kutengenezea magemu. Ni ya bure, haidai senti katika mapato yako, na unapofungua mradi mpya chagua kichoraji (sehemu inayochora picha kwenye skrini) kinachoitwa Compatibility, maana hakihitaji kadi ya michoro ya kisasa. Unity, injini nyingine, nayo ijue, kwa kuwa kampuni nyingi za magemu ya simu zinaitumia, ila ni nzito. (Mwaka 2023 ilitangaza tozo ya kila gemu linaposakinishwa, watengenezaji wakacharuka, na mwaka uliofuata ikaifuta.) Ukifika kutoa faili la Android, Godot itakudai violezo vyake vya kutolea faili, pamoja na JDK na Android SDK, vifaa vya kuundia programu za Android. Mzigo huo ni mkubwa kuliko injini yenyewe, kwa hiyo usubirishe mpaka upate Wi-Fi ya watu.

Tuseme mhusika wako anaruka. Wanaoanza hukisia namba ya mvutano, ile inayomrudisha chini, mpaka waridhike, kisha wakigusa kitu kimoja kila kitu kinavurugika. Wewe anzia kwenye kile unachotaka kionekane, yaani urefu wa mruko na muda wa kufika juu. Vigae, vile vipande vya mraba vinavyojenga steji, ni vya pikseli 16, unataka aruke vigae vitatu, hizo ni pikseli 48, afike kileleni kwa sekunde 0.4. Mvutano ni urefu mara mbili, ugawe kwa muda uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe: 96 gawa kwa 0.16, unapata 600. Kasi ya kuanzia ni urefu mara mbili gawa kwa muda, yaani 240. Anapoanza kushuka, zidisha mvutano kwa 1.5 au hata 2, la sivyo ataelea kama puto. Kisha mhurumie mchezaji: aliyepita ukingo umruhusu bado kuruka kwa kama sekunde 0.1, na aliyebonyeza mapema kidogo kabla ya kukanyaga chini, mruko wake ukumbukwe kwa muda kama huo. Bila huruma hiyo watu watakwambia kitufe hakishiki, nawe utakesha ukitafuta ubovu kwenye kitufe kizima.

Mwendo nao upime kwa sekunde, usiupime kwa fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini. Ukiandika pikseli 4 kwa kila fremu, simu ya fremu 60 itakupa 240 kwa sekunde, na simu ya fremu 120 itakupa 480. Steji uliyoipima wiki nzima inakuwa kichekesho. Ila katika Godot kuna mtego: move_and_slide, amri ya kumsogeza mhusika, imeshauhesabu muda wa fremu, kwa hiyo ukizidisha tena velocity (kasi) kwa delta (muda huo wa fremu) mtu wako atatambaa kama konokono. Delta itumie pale unapojumlisha mvutano.

Likichezeka, tafuta watu watano wasiokupenda sana. Wape simu, funga mdomo. Usiseme "bonyeza hapo." Andika walipokwama na sekunde walizokaa wamekwama. Usiulize kama wamelipenda, watakusifu kwa adabu tu. Waulize, "Hapa ulikuwa unataka kufanya nini?" Watatu wakikwama mahali pamoja, kosa ni la steji.

Matangazo ya kazi ya mbunifu asiye na uzoefu ni machache. Wengi huingilia mlango wa ukaguzi wa magemu, kupanga steji, au kuandika programu katika kikundi kidogo, kwa hiyo jifunze kuandika programu kiasi cha kujitegemea. Weka magemu matatu yaliyokamilika kwenye itch.io, tovuti ya magemu ambayo ukurasa wake haulipiwi, na uyatoe yachezwe ndani ya kivinjari, maana mwajiri hapakui faili la mtu asiyemjua. Chini ya kila gemu andika aya mbili: ulikusudia nini, waliojaribu walifanya nini, ukabadili namba gani kutoka ngapi kwenda ngapi. Kwa mwajiri aya hizo zina uzito kuliko cheti. Na kila Januari kuna Global Game Jam, ambapo vikundi hutengeneza gemu kwa siku chache. Ingia na mchoraji na mwandishi wa programu, uonje kubuni huku wenzako wakikubishia.

Hela usiitegemee mapema. Akaunti ya Google Play ni dola 25 mara moja, na akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa kwanza iwe na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo. Steam, duka la magemu ya kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu. Ukiuza nakala ya dola 5 kwa mtu wa Marekani, Steam inachukua asilimia 30, inabaki 3.50. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo katika hiyo 3.50 inakatwa kodi ya Marekani ya asilimia 30, inabaki 2.45, na benki yako bado haijasema lake.

Ukiwa na kitu kinachofunguka, nitumie kiungo bila maelezo yoyote. Nitacheza nikiwa nimerekodi skrini, nikurudishie video uone nilipokwama. Msalimie mama.