Laki na nusu ni ya kuandaa zabuni, si ya kununua ushindi

Juzi mama mmoja wa kikundi aliingia ofisini kwetu hapa Isevya, Tabora, tunakoandalia watu zabuni, kiti akakikataa. "Laki na nusu yangu mmekula, na zabuni sikupata." Tukamfungulia faili lake. Nyaraka zote zilipita, kaangushwa na bei tu. Bado aliondoka kanuna.

Malalamiko haya yamezidi tangu NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, ianze mwaka 2023. Kazi za maji na umeme ambazo zamani ulizisikia kwa watu wa mjini, sasa unaziona kwenye simu. Na Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya 2023 imewatengea vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu asilimia 30 ya ununuzi huo. Basi kila mtu anataka kuomba, na anataka kwa bei ya fotokopi.

Kupandisha TIN na leseni hata mwanao anaweza. Unachotulipa ni kupitia BOQ, ile orodha ya kazi, vipimo na bei zake, mstari kwa mstari na kwenda saiti. Na bodaboda wa kutupeleka huko hakopeshi.

Kuna fundi bomba wa Ipuli alituona ghali. Alikuwa na BOQ ya rafiki yake aliyeshinda mwaka uliotangulia, akampa kijana mmoja elfu ishirini amnakilie bei zilezile. Akashinda! Alipita hapa kututambia.

Sasa, kwenye uchimbaji wa mtaro kuna mstari wa udongo wa kawaida na mstari wa mwamba. Kazi ya rafiki yake ilikuwa kwenye mchanga mtupu, kwa hiyo kwenye mwamba alijazia bei ya kuzugia, karibu na bure. Ya huyu bwana ilipita kwenye mawe, na Tabora hii mawe unayajua. Siku ya tatu sululu zinatoa cheche. Akakodi kompresa. Akaomba aongezewe, akaonyeshwa bei aliyoiandika mwenyewe. Pikipiki iliuzwa, kazi akaimaliza kwa kuogopa kufungiwa zabuni.

Sisi tungeenda na mtarimbo, tukachoma ardhi kila baada ya hatua hamsini kuutafuta mwamba kabla ya kuandika bei. Nusu siku, na mikono inachubuka.

Halafu njooni mapema jamani. Saa ya mwisho ikigonga mfumo unajifunga. Leo asubuhi kaja mtu zimebaki saa mbili, saiti hajaiona. Tumemrudishia pesa yake.