Barua ya wazi kwa mwanangu mchoraji: safari hii mchore nguva

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako umefika na picha ulizoambatanisha nimezitazama moja moja. Umeniuliza: kwenye hayo maonyesho ya wanyama walio hatarini kutoweka, upeleke tembo au faru? Nimeona nikujibu hapa hadharani, maana vijana wenzako wengi wa brashi na rangi wana swali hilohilo, na jibu langu ni refu kupita ujumbe wa simu.

Mchore nguva, yule mnyama wa baharini. Na ukishamchora, picha isiishie kwenye maonyesho.

Najua utaniambia habari ya soko. Mgeni akifika kwenye maduka ya picha Oysterbay, Dar es Salaam, anataka simba, twiga, na tembo chini ya mbuyu na Kilimanjaro kwa nyuma. Kodi ya chumba hailipwi kwa maneno ya shangazi, hilo nalielewa. Lakini hebu tukumbushane. Edward Saidi Tingatinga, ambaye wewe na wenzako mnakula kwa jina lake, alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli, na mwaka 1972 akafariki. Miaka minne tu ya kazi, na mtindo wake unalisha familia mpaka leo. Tunduru ni nchi ya tembo. Mapori yake yanapakana na pori la akiba la Selous. Sasa angalia kilichotokea huko. Kati ya mwaka 2009 na 2013, tembo wa Selous na Mikumi walishuka kutoka karibu 39,000 hadi 13,000 na ushei. Kwa nchi nzima, serikali ilitangaza mwaka 2015 kwamba ndani ya miaka mitano tu tulitoka tembo 109,000 tukabaki na 43,000. Na miaka hiyohiyo picha za tembo zilijaa kila duka la sanaa, kuanzia Mwenge mpaka Unguja. Tembo alichorwa kila siku, na kila siku aliuawa.

Hili huwa linaniuma sana. Mchoraji hana kosa. Waliotaka meno walikuwa mbali na walilipa vizuri. Ninachotaka ukione ni pale picha zilipokwenda. Ziliviringishwa, zikatiwa kwenye begi la mgeni, zikatundikwa sebuleni Ulaya. Aliyebeba bunduki hakuziona. Hakuziona mama aliyempikia, wala dereva aliyepakia mzigo usiku, wala mtoto wa kijiji ambaye angeweza kumwuliza baba yake swali. Kama sanaa ni ya kuamsha watu, basi iwafikie watu ambao mikono yao iko karibu na mnyama.

Tembo na faru, hata hivyo, tayari wana sura inayofahamika. Faru Sudan, dume la mwisho la faru weupe wa kaskazini, alipokufa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, mwezi Machi 2018, alililiwa dunia nzima na watu ambao hawakuwahi kukanyaga Afrika, kwa sababu walikuwa na picha yake na jina lake. Leo wamebaki faru weupe wa kaskazini wawili, Najin na Fatu, binti yake na mjukuu wake, na majina yao yanajulikana. Nguva wetu hana hata mmoja anayelijua jina lake. Sura yenyewe haijulikani! Mwambie mtoto yeyote wa shule hapa Kilwa achore nguva, atakuchorea mwanamke mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki. Watu wazima ni hivyohivyo. Tunapotezewa mnyama tuliyembadilisha kuwa hadithi, na hadithi haimtii mtu uchungu ikikosekana baharini.

Nguva halisi ni mnyama anayenyonyesha. Hufika urefu wa mita tatu na uzito wa kilo mia nne hivi. Hula majani ya bahari yanayoota penye kina kifupi, na kila baada ya dakika chache sharti aje juu kuvuta pumzi. Anaweza kuishi miaka sabini. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka mitatu hadi saba kabla ya kuzaa tena. Piga hesabu mwenyewe: ukimuua jike mmoja kwenye ghuba, umefuta nini? Mwezi Desemba 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Waliofikia umri wa kuzaa, pwani nzima, hawatimii 250, na wengi wao wako Bazaruto, Msumbiji. Kwa Tanzania, eneo la kutumainiwa ni hili letu: delta ya Rufiji, Mafia, Kilwa. Umezaliwa nyumbani kwao, mwanangu.

Ule mchoro wa penseli ulioniachia sikukuu iliyopita niliupeleka pwani, nikawaonyesha wazee wanaoshona nyavu chini ya mkungu. Walioutazama walikuwa wengi, ila mzee mmoja ndiye aliyeushika na kuugeuza mara mbili tatu. Akasema mkia umekosewa. Umemchorea mkia unaosimama, na huo ni wa samaki. Mkia wa nguva unalala, unapiga juu na chini, na katikati umegawanyika kama wa pomboo. Akachukua kijiti akauchora mchangani. Akasema mdomo nao ushuke, utazame chini kabisa, kwa kuwa analisha sakafuni mwa bahari, na uwe mnene, wenye vinyweleo vigumu. Matundu ya pua yawe juu. Matiti yako kwapani, nyuma ya mapezi. Kuhusu rangi, akaikataa buluu yako: nguva ana rangi ya tope la mikoko likianza kukauka, na mgongoni ana makovu. Akanieleza namna mtoto anavyokaa ubavuni mwa mama, na wakati mwingine mgongoni, na jinsi usiku wa shwari ulivyoweza kumsikia akitoa pumzi kabla hujamwona.

Vijana wa ngalawa walikuwa wamesogea kusikiliza. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona nguva akiwa hai. Wanaivua bahari ileile.

Kisha mzee akasema jambo ambalo watu hawalisemi mbele ya wageni. Nguva hakutegwa yeye. Mtu anatega jarife, wavu wa matundu makubwa, usiku, anataka papa na taa. Alfajiri akivuta anakuta zito, amekufa zamani, maana alishindwa kupanda kupumua. Sheria inamlinda nguva kama inavyomlinda kasa, na mvuvi analijua hilo, kwa hiyo anaogopa. Anamkata palepale, anagawa nyama kimya, na habari inazama. Hakuna ofisi itakayojua, hakuna hesabu itakayoandikwa.

Ndiyo maana nakuomba sana usimchore mvuvi kama shetani. Nimeona mabango mengi ya uhifadhi: damu, panga, mtu mwenye macho mekundu. Yanamfanya mvuvi ageuze uso, na akishageuza uso umempoteza. Mtu mwenye nyumba ya kulisha hataki kuitwa muuaji na ukuta. Mchoree nguva aliye hai akila majani, mtoto ubavuni, na juu yake chini ya ngalawa, mkono wa mvuvi ukikata uzi wa wavu. Huyo mvuvi mpe sura nzuri, mpe kofia yake na msuli wake, aonekane mtu wa heshima aliyefanya jambo la heshima. Kijana wa hapa akimwona atataka kuwa yeye.

Picha ya namna hiyo naitaka mahali pawili.

Kwanza ukutani, pale mnadani. Kila samaki wa hapa hupita mnadani, na kila mtu anayemhitaji samaki hupita pia: wachuuzi, mama wakaanga samaki, madalali, watoto waliotumwa. Nimeshaongea na viongozi wa BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, na wamekubali.

Pili kwenye kanga. Hili nimelifikiria muda mrefu na nakusihi ulichukue kwa uzito. Kanga huingia kila nyumba bila kubisha hodi. Mtoto hupokelewa kwa kanga, bibi harusi hutunzwa kwa kanga, na mwanamke huenda nayo pwani kumpokea mumewe samaki. Pindo lizungushie majani ya bahari, yale membamba marefu, uyapishanishe kwa nukta zako za Tingatinga ambazo wanawake watazipenda. Mjini, yaani katikati ya kanga, weka mama nguva na mtoto wake. Na jina, yale maneno ya kanga, liwe: MWACHENI ALEE. Wanawake wataisoma kwa namna zao, kila mmoja na lake, atakayeinunua kwa ajili ya mkwe na atakayeinunua kwa ajili ya jirani. Hewala. Wataivaa, na nguva atatembea mji mzima. Usiweke maelezo ya kisayansi wala nembo za mashirika kwenye pindo. Kanga yenye nembo huvaliwa siku ya mkutano tu, kisha inakuwa tambara la jikoni.

Wazo la kuipeleka sanaa hadi pwani kwa wenyewe si langu peke yangu. Mwaka 2018 Lamu walishusha majini chombo cha Flipflopi, urefu wake kama mita tisa, kilichojengwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa vipande vya ndala zipatazo 30,000. Kiongozi wa mafundi alikuwa Ali Skanda, mtu wa Lamu aliyekulia kwenye ujenzi wa majahazi ya mbao. Mwanzoni mwa mwaka 2019 kikatweka tanga kikaja mpaka Unguja, kikitia nanga njiani, na watu wa pwani wakakisogelea kukigusa. Fundi wa kwao, chombo cha umbo la kwao, takataka za ufukweni kwao. Plastiki hiyohiyo ndiyo kasa anaila akidhani ni chakula. Sidhani kama kuna hotuba ingeweza kufanya kazi ile.

Na sisi watu wa pwani tuna deni, tusijifiche. Siwa ya Pate, ile baragumu kubwa ya sherehe iliyomo Makumbusho ya Lamu, ni ya pembe za ndovu. Ni kazi ya mikono ya ajabu, nami nikiitazama najivunia mafundi wale, huku nikijua kilichotangulia mpaka pembe zikafika mikononi mwao. Gamba la kasa aitwaye ng'amba lilisafirishwa kutoka pwani hii tangu enzi za kale, likawa vichana na vito. Uzuri tulioutengeneza ulitoka miilini mwa wanyama hawa. Kizazi chako kinaweza kuwafanyia kazi nzuri vilevile, kwa rangi ya kopo na kipande cha ubao, na wao wakabaki hai.

Kuhusu maonyesho: peleka nguva huyohuyo, ubao mkubwa. Andika chini yake kwamba ni mnyama wa delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na kwamba sura yake imesahihishwa na wavuvi wa Kilwa. Mnunuzi akiuliza mbona si simba, mweleze. Bei usiishushe. Na tafadhali usimpeleke mwingine aliyenakiliwa kwa rafiki yako. Nimeona jinsi twiga mmoja anavyorithiwa kutoka ubao hadi ubao mpaka magoti yanapotea. Njoo uchore mbele ya watu waliomwona, maana wale wazee nao hawatakuwepo siku zote, na wakiondoka na sura ya nguva kichwani mwao hatutakuwa na pa kuiuliza.

Ungekuja wakati wa kusi, bahari ikiwa mbaya na wavuvi wako nchi kavu, wapate muda wa kukaa nawe na kubishana kuhusu mapezi. Ukuta fundi ataupiga lipu upya wiki moja kabla. Rangi njoo nazo kutoka Kariakoo, ziwe za mafuta. Za maji hapa chumvi huzibandua mapema. Kahawia na kijivu uzidishe makopo, kwa mkoko na kwa ngozi yake. Watoto wa shule wamepewa sehemu ya chini ya ukuta, kimo chao, wachore majani ya bahari kwa mikono yao, kwa hiyo brashi ndogo zitahitajika nyingi.

Baba yako anakusalimu. Nauli ukikwama sema mapema.

Shangazi yako,
Kilwa