Meseji ya mpangaji ijibuni siku hiyo hiyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenye nyumba wenzangu wa Dar kabla masika haijaanza, maana kila mwaka ikifika mwezi wa 4 tunaanza kutafuta mafundi usiku na maji yashaingia ndani.

Mi nina nyumba Mbagala, vyumba sita na choo kimoja cha nje. Mwaka juzi mwezi wa kwanza mama mmoja aliyepanga kwangu alinitumia meseji, baba mwenye nyumba gata ya nyuma imeachia maji yanamwagika pembeni ya karo la choo. Nikajibu sawa nitatuma fundi. Sikutuma. Fundi alitaka elfu 60, nikaona hela hiyo bora nimalizie ada ya mtoto, basi mvua kubwa zikaja maji yote ya bati yakawa yanashuka pale pale yanakula udongo kidogo kidogo mpaka ukuta wa tofali ndani ya karo ukaachia na mfuniko wa zege ukazama, saa 11 alfajiri, watu wanajiandaa kwenda kazini hakuna choo. Gari la kunyonya maji taka, fundi, tofali, nondo, simenti, ilinitoka milioni 2 na laki 3, na wiki mbili nzima wapangaji wanaomba choo kwa jirani, wawili wakahama. Namshukuru Mungu hakuna mtoto aliyekuwa amesimama juu ya ule mfuniko, hilo mpaka leo linaninyima usingizi.

Baadae nikawauliza wapangaji mbona mengine hamniambiagi, wakasema kwengine walikotoka ukisema unaambiwa kama hupataki hama, au kodi inapanda. Yani hapa ndo tunapojiumiza wenyewe kabisa. Anayelala pale kila siku ndo anasikia harufu ya waya kuungua kwenye mainswichi, ndo anaona dari imeanza kuvimba, sasa mtu huyo ukimfokea nani atakwambia? Halafu Sheria ya Ardhi ya 1999 ukipangisha vyumba tu ndani ya jengo inamtaka mwenye nyumba atunze paa, kuta za nje na mifereji mikuu, kwahiyo kuwaambia wapangaji wachangishane bati sio haki.

Sa hivi kila mwezi wa 2 tunapanda juu na fundi tunazibua gata na kukaza misumari ya bati. Usiku nawaomba wafunge koki zote waangalie mita ya maji, ikiwa bado inazunguka ujue kuna bomba linavuja mahali, mwaka jana tulikuta moja chini ya msingi kabisa. Umeme namwita fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, maana kila chumba kina friji na jagi la umeme na waya ni zile zile za enzi za mzee. Na kodi ya miezi sita ikiingia, kabla sijafanya chochote natoa asilimia 10 naiweka laini nyingine siigusi, kwasababu tukiila yote siku moja bomba likipasuka tunaenda kukopa.

Wenzangu, wiki hii mpigieni simu yule mpangaji wa chumba cha nyuma asiyelalamikaga, muulizeni kuna nini kimeharibika.

Mwenye nyumba,
Mbagala, Dar es Salaam