Barua kwa baba na mama: njiani tutalala wapi

Shikamooni baba na mama. Huku Dallas wote wazima, mkwe wenu anawasalimia sana na wajukuu kila siku wananiuliza mwezi wa tisa utafika lini. Dada naomba uwasomee barua hii taratibu maana ni ndefu, na ukifika kwenye maswali ya mwisho usiyaruke, majibu nayahitaji kweli.

Mama nimesikiliza voisi yako yote. Umesema kwenda kuona Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, umekubali, kusafiri na gari lenye vitanda ndani umekubali, ila kinachokukosesha amani ni usiku, hilo gari linawekwa wapi na nani analilinda. Kwa kweli hapo ndo penyewe. Kuendesha huku sio kazi, barabara zimenyooka na mafuta yapo kila baada ya mwendo kidogo, kazi ni pa kulala. Mkilala vizuri kesho yake watu wote wanaamka wachangamfu, mkilala vibaya mnaharibu siku mbili, ya leo na ya kesho.

Baba wewe hili unalijua kuliko mimi. Miaka yako yote ya Dar–Tunduma ulikuwa unajua kabisa leo nalala Mikumi, leo Ruaha Mbuyuni, leo Makambako, na utingo alikuwa anajua kabla hata hamjawasha gari. Ulikuwa unatuambia pa kulala panachaguliwa mchana macho yakiwa bado makali, sio usiku ukiwa umechoka maana mtu aliyechoka anakubali popote. Na mimi huku nafanya hivo hivo, ikifika saa nane mchana gari linasimama, nakunywa chai, naangalia ramani, tunakubaliana na mkwe wenu leo ni wapi na pakishindikana tunakwenda wapi, na saa kumi na moja gari liwe limeshaegeshwa, jua bado lipo, watoto wanakimbia nje.

Sasa lieleweni gari lenyewe kwanza, kwa sababu lenyewe ndo linaamua mengi. Linaitwa RV, tutakodi la futi 25, yaani ukubwa wa Coaster, lina vitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu dogo. Chini lina matenki matatu, la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Watu wazima wanne na watoto kwenye gari moja hayo matenki hayavumilii, usiku mmoja au miwili mkiwa wabahili wa maji, baada ya hapo lazima muende sehemu yenye bomba na shimo la kumwagia uchafu, mnaanza kumwaga la choo halafu yale ya kuogea yanafuata ili yasafishe mpira. Kwa hiyo mimi sipangi usiku mmoja mmoja, napanga kwa mafungu, usiku wa bure porini au kwenye pakingi, halafu usiku wa kulipia wenye umeme, maji na kumwaga.

Halafu kuna suala la ardhi ni ya nani, na hili watu wengi wanaokuja huku hawalijui. Texas karibu ardhi yote ni ya watu binafsi, ukitoka barabarani kidogo tu uko shambani kwa mtu, uzio umepita, na mwenye shamba ana haki ya kukutoa. Kwa hiyo Texas unalala kwenye hifadhi za jimbo, kwenye kempu za kulipia, au kwenye vituo vya mapumziko vya barabarani ambako sheria ya Texas inakuruhusu kukaa mpaka saa 24. Ila ukiingia New Mexico na Arizona mambo yanabadilika, kuna ardhi ya serikali kuu isiyo na mwisho. Idara yao moja tu inayoitwa Bureau of Land Management inasimamia nchi nzima ekari kama milioni 245, aisee baba hiyo ni kubwa kuliko Tanzania nzima, na sehemu kubwa yake mtu yeyote anaruhusiwa kuegesha na kulala bure, kwa kawaida mpaka siku 14 halafu uhame. Misitu ya serikali nayo ina utaratibu unaokaribiana na huo. Hakuna bomba, hakuna choo, hakuna taa, mnatumia vya ndani ya gari na taka mnaondoka nazo. Hakuna mlinzi pia mama, sikufichi, ila mara nyingi hakuna hata mtu wa kumuogopa, ni nyota tu na upepo.

Kwa pakingi za maduka makubwa nataka niwatoe wasiwasi maana dada alisikia sehemu kwamba watu wanafukuzwa usiku. Inatokea. Walmart kwa mfano kila tawi meneja wake ndo anaamua, na hata akikubali kuna miji yenye sheria ya kukataza kulala ndani ya gari, kwa hiyo tunapiga simu mchana, tunauliza, tukiambiwa ndiyo tunaingia jioni, tunakaa pembeni mbali na mlango, hatutoi viti nje wala hatuanzi kuchoma nyama, asubuhi tunanunua vitu dukani na kuondoka. Hiyo ni sehemu ya kufumba macho tu na kuendelea na safari, nyinyi sitawalaza hapo labda gari lisumbue.

Vituo vya malori kama Love's na Flying J navyo vinapokea RV, ila hapa baba utanielewa, mimi napenda kuwaachia madereva nafasi zao. Sheria ya huku dereva wa lori akishaendesha saa 11 lazima akae saa 10 bila kuendesha, na kuna kidude cha elektroniki kwenye gari kinarekodi, hakidanganyiki. Sasa fikiria saa zake zimeisha, anaingia kituoni saa tatu usiku anakuta nafasi ya trela imekaliwa na familia iliyotoka kutalii, anaenda wapi? Ndo maana usiku huku utaona malori yamejipanga pembeni kwenye njia za kuingilia barabara kuu, watu wamekosa pa kulala. Mimi mtoto wa dereva siwezi kumfanyia mtu hivo. Tukiingia hapo ni kwa mafuta, kuoga na kumwaga uchafu basi.

Vitu ninavyoviangalia kabla ya kusema hapa tunalala ni vingi ila kuna vichache sivisamehi. Reli ni kimojawapo. I-40, barabara kuu tutakayopita, inaenda sambamba na reli ya mizigo sehemu ndefu sana, miji ya Gallup, Winslow, Flagstaff, treni za kampuni ya BNSF zinapita usiku kucha, na kwenye makutano mengi ya reli na barabara dereva wa treni anatakiwa kisheria apige honi, kwa hiyo kempu ina maua na bwawa la kuogelea kwenye picha halafu ukifungua ramani ya setilaiti unakuta reli iko nyuma ya choo. Mimi nafungua hiyo ramani kila mara, nasoma na maoni ya waliolala pale hasa ya hivi karibuni, wengi wanasema ukweli kuhusu kelele, mtandao wa simu na hali ya barabara ya kuingilia.

Kingine ni makorongo. Arizona ina mvua za ghafla kuanzia katikati ya mwezi wa sita mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, yaani ndo kipindi chenu. Sehemu unaiona tambarare, mchanga laini, kumbe ni njia ya maji, mvua inanyesha milimani mbali hata wewe hujaona wingu halafu maji yanakuja kwa kishindo. Nyinyi watu wa Makambako hamuhitaji kufundishwa korongo ni nini, ila watu wa mjini huku wanaegesha humo kwa sababu pamekaa vizuri. Sisi tunapanda juu kidogo hata kama pana mawe.

Na kuwe tambarare kwa gari lenyewe pia. Mama hili linakuhusu wewe, friji za hizi gari nyingi zinatumia gesi zikiwa hazina umeme, na ili zipoze vizuri gari lazima likae sawa, likiinama sana friji inashindwa kazi. Insulini yako itakuwa kwenye hiyo friji. Kwa hiyo mkiniona nahangaika na vibao chini ya matairi nusu saa nzima msinicheke, na kipimajoto kidogo nitakiweka humo ndani tuwe tunaangalia. Gari nalielekeza pua njiani kila siku, kiti cha dereva hakiwekwi mizigo, tukitaka kuondoka ni kuwasha tu. Hiyo nimeirithi kwako baba.

Uliuliza pia baba kama sisi weusi tunapokelewaje kwenye hivo vimiji vya njiani. Nakujibu bila kuficha. Zamani lilikuwa suala la uhai kabisa, kulikuwa na miji ambayo mtu mweusi hakutakiwa kukutwa jua likizama, na hoteli nyingi zilikuwa haziwachukui. Mwaka 1936 tarishi mmoja wa posta aliyekuwa anaishi Harlem, Victor Hugo Green, akaanza kutoa kitabu cha mwongozo chenye orodha ya hoteli, nyumba za watu na vituo vya mafuta ambavyo mweusi alipokelewa, kikaendelea kutoka mpaka miaka ya sitini, sheria ya 1964 ndo ikakataza hoteli kubagua. Nikipita hizo barabara na watoto wangu nawaza sana wale wazazi waliokuwa wanaendesha usiku kucha kwa kukosa pa kuwalaza wanao. Sasa hivi hali sio hiyo, kwenye kempu wengi ni wazee wastaafu, utakuta mzee anakuja mwenyewe kukusaidia kuunganisha mpira wa maji na maneno hayaishi. Ila mahali moyo ukikataa siulizi kwa nini, naondoka, na ndo faida ya kufika mapema na kuwa na chaguo la pili.

Sasa mpango wenu ninaofikiria ni huu. Siku ya kwanza sitaki tuende mbali kwa ajili ya goti la mama, tunalala Lake Arrowhead karibu na Wichita Falls, ni hifadhi ya jimbo kando ya ziwa na ina umeme, na mwezi wa tisa Texas bado ni joto, kiyoyozi cha juu ya gari hakiendeshwi na betri, bila umeme ni jenereta na kelele. Kutoka pale tunafuata barabara ya 287 mpaka Palo Duro Canyon karibu na Amarillo, huko tukae usiku zaidi ya mmoja maana ni pazuri mno, kuta za udongo mwekundu na sehemu za kulala ziko chini kabisa bondeni, barabara ya kushukia ni kali, baba utaikumbuka Kitonga. Njiani kwenye hiyo 287 kuna kituo cha mapumziko cha Donley County ambacho kina chumba cha kujificha kimbunga, hata kama hatulali hapo nataka tusimame tu mkione, mjue watu wa huku wanaishi na upepo wa aina gani.

New Mexico nitatafuta kempu ya kulipia Albuquerque yenye kila kitu, tumwage, tujaze maji, tufue. Halafu Homolovi karibu na Winslow, hifadhi ya jimbo yenye magofu ya mababu wa Wahopi, wenyeji wa asili wa huku, ina umeme na giza zuri la kuangalia nyota. Kule Grand Canyon penyewe nataka kempu ya Trailer Village, ndo pekee upande wa kusini ndani ya hifadhi penye umeme, maji na bomba la uchafu papo hapo kwenye gari, wanyama wakubwa wanaofanana na swala wanaoitwa elki wanapita katikati ya magari, na basi la bure la hifadhi linasimama karibu kwa hiyo goti halitembei sana. Shida inajaa mapema mno. Ikishindikana kuna kempu ya Mather, jirani tu, ni pazuri na miti mirefu ila hakuna umeme na jenereta ina saa zake maalumu, na nafasi zake zinafunguliwa miezi sita kabla. Pale ni kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, juu kuliko Makambako, kwa hiyo njooni na masweta yenu ya kwetu, usiku baridi ni ya kweli.

Na baba kuna usiku mmoja nataka tulale bure msituni, Kaibab, nje kidogo ya hifadhi kusini mwa kimji cha Tusayan, kuna njia ya vumbi ya msitu namba 302 watu wanaegesha kati ya misonobari, kila mtu mbali na mwenzake. Najua wewe utapenda. Mama ndo sijui.

Kwa hiyo nijibuni haya. Mama, huo usiku wa msituni unakubali au tuuache, na sema ukweli, usikubali kwa ajili ya baba. Insulini inakaa nje ya friji muda gani kwa mujibu wa daktari wako, muulize na uandike. Usiku unaamka mara ngapi kwenda chooni, kitanda cha chini nitakuwekea wewe lakini kuna kingine karibu zaidi na mlango wa choo ingawa ni chembamba. Baba, unaweza kukaa kwenye gari saa ngapi kwa siku bila mgongo kuuma, mimi nimepiga hesabu ya saa nne, ukisema tano naunganisha Albuquerque na Homolovi tofauti. Na tarehe za tiketi jamani, dada nitumie leo hii WhatsApp hata kama hazijathibitishwa, Mather wanafungua wiki ijayo na mimi nitakuwa kwenye simu asubuhi na mapema dakika wanayofungua.

Wasalimieni wote hapo nyumbani na majirani.

Mwanenu